Kurasa Kumi na Moja za Koki

Nina mke mwenza, naye ni kaa la mawe. Sisemi hivyo kwa uchungu. Uchungu ulikwisha zamani, pengine mwaka wa kumi wa ndoa yetu, nilipochoka kumwonea wivu mtu asiye na miguu.

Ukipita kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, upande wa soko, ukauliza fundi wa mbabula, majiko ya makaa, utaonyeshwa mume wangu Théophile: mwanamume mwembamba wa Bukavu, miwani imefungwa kwa waya, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anakata bati. Mbabula zake hazili makaa mengi, na wanawake wa hapa, Wakongomani kwa Warundi, wanazisifu kuliko mimi ninavyomsifu mwenyewe. Wasichojua ni kwamba mtu huyo alibakiza kurasa kumi na mbili tu awe injinia.

Alikuwa Lubumbashi, mwaka wake wa mwisho, akisomea madini. Kazi yake ya kumaliza masomo, ambayo sisi tumezoea kuiita mémoire, ilihusu koki. Koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka moshi na mafuta yake yote yakatoka, yakabaki magumu, ya kijivu, yenye matundu. Hiyo ndiyo inayotiwa ndani ya tanuru refu la kuyeyushia chuma, tabaka la koki, tabaka la mawe ya chuma, tabaka la koki tena. Théophile alitaka kueleza linaloipata koki humo ndani, tangu inapoingia juu hadi inapofika chini. Aliandika kila kitu isipokuwa sura ya mwisho. Kwa sura hiyo alihitaji kipande cha koki kilichotolewa chini kabisa ya tanuru, na profesa wake alikuwa amekiagiza Ulaya. Mwaka ule wa tisini na sita babaye akafa, akaenda Bukavu kuzika, vita vikaja, njia zikafungwa. Kipande hajui kama kilifika.

Daftari ndilo lililofika. Limevuka ziwa, limelala Tanzania, limeingia Malawi ndani ya mfuko wa unga. Mwishoni lina kurasa tupu alizoziacha kwa sura ile. Kabla ya kurasa hizo kuna mahali alipoandika kwamba koki huanza kuoza kutoka moyoni: gesi huingia kwenye matundu, hula ndani, na ganda la nje hubaki likidanganya watu. Pembeni profesa aliandika kwa wino mwekundu neno moja la kuuliza: “Umeona?”

Hakuwa ameona. Hakuwa ameona hata tanuru lenyewe, ila kwenye picha. Swali lile limemkaa kooni karibu miaka thelathini.

Niseme na kosa langu, maana ninajua wapo wanaolijua. Kurasa tupu zilikuwa kumi na mbili. Siku moja nilikuwa na kola ya kukata, sina karatasi ya kielelezo, nikachana moja. Théophile hakunigombeza. Alinyamaza siku mbili, akala alichopewa, akashukuru, na siku ya tatu nikatamani angenipigia makelele tu yaishe.

Saa kumi na moja jioni, mvua ikishapita na mbabula ya mwisho ikishachukuliwa na mwenyewe, hulala kwenye mkeka mlangoni, mikono kifuani, macho kayafumba. Mtu akipita atadhani amesinzia. Mimi ninajua anashuka. Anaingia kinywani mwa tanuru pamoja na koki yake na kwenda nayo chini polepole, kwa mwendo wake halisi, na safari hiyo huchukua saa sita, saba, nane. Kwa miaka mingi nimeketi pembeni yake na cherehani yangu nikimuuliza kama anayeuliza abiria.

“Papa Douce, umefika wapi?” Douce ni mtoto wetu wa kwanza, ameolewa Kasungu.

“Mi niko juu bado. Baridi-baridi. Njo inakauka.” Njo ni ndiyo ya kwetu.

Nikimaliza mashati mawili nauliza tena. Hapo huwa amefika katikati. Gesi inapanda kutoka chini, inamtafuna koki, inapanua matundu yake, kuta zake zinakuwa nyembamba, na huku mzigo wa mawe umemkalia mgongoni. Baadaye mawe ya chuma yanalegea, yanakuwa uji, yanaanza kudondoka. Hapo ndipo sauti ya Théophile hupungua. Anasema katika sehemu hiyo ya tanuru kila kitu kimeyeyuka isipokuwa koki. Yeye peke yake amebaki mgumu, ameshikilia kila kilicho juu yake, chuma kinatiririka katikati ya vipande vyake kwenda chini na upepo unapita katikati yake kwenda juu. Akivunjika vumbi, upepo hauna pa kupita na tanuru lote linakabwa. Na joto likizidi, kaboni iliyokuwa imekaa hovyo ndani yake inaanza kujipanga, karatasi juu ya karatasi, kama vitambaa mtu alivyovikunja vizuri kabatini. Inakuwa laini, inang'aa, inakuwa kitu kilekile kilicho ndani ya kalamu ya risasi.

Chini kabisa, penye midomo ya upepo, mabomba yanayopuliza hewa ya moto ndani ya tanuru, hajawahi kufika. Hufumbua macho kabla, akaomba maji ya kunywa. Mimi nilimcheka mara nyingi kwa hilo, nikimwambia safari gani hii ya mtu kushuka kila siku kituo kimoja kabla ya mwisho. Sasa ninaona haya.

Kabla serikali haijaturudisha kambini mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, nilikuwa na meza yangu ya kushonea Chilinde, mtaa wa Lilongwe, kwenye baraza ya mama mmoja wa Kimalawi, Mayi Kachingwe. Ni mjane, mshonaji hodari, mwanamke wa maneno machache anayepima watu kwa macho na hakosei kiuno. Tulipotenganishwa hakuniacha. Kazi ikimzidi hukata vitambaa, huvichora, huvifunga furushi na kumpa dereva wa minibasi aniletee Dzaleka nishone. Mwaka huu, kabla shule hazijafunguliwa, alileta furushi la sare za bluu.

Nilikuwa nimezitandaza kitandani. Théophile aliingia kutafuta koleo, akasimama, akainama. Kila kipande kilikuwa na mstari wa kushonea, si mweupe wa chaki bali wa kijivu unaometa. Aliugusa, akasugua kidole kwa kidole gumba, akavua miwani, akaivaa tena.

“Mama Douce, ni nini iliandika hii?”

Nikamjibu kwamba ni penseli, nini tena. Akanionyesha. Penseli huacha mstari mwembamba uliojaa. Huu ulikuwa mpana kama kidole na katikati una mapengo madogo madogo, kama ulichorwa na kitu chenye matundu. Akaniambia nimpigie Mayi sasa hivi, na mimi nikaogopa, maana mtu wa miaka hamsini na nne hashtuki bure.

Nilimpigia simu Mayi Kachingwe. Akasema chaki ilimwishia, basi alitoa jiwe la marehemu. Mumewe alifanya kazi Zimbabwe miaka mingi kwenye tanuru la chuma, na siku tanuru lilipozimwa wakalichimbua tumbo, yeye alitia kipande kimoja mfukoni, akarudi nacho nyumbani. Hakuacha vingi: koti, redio, na hilo jiwe. Nikamuuliza lina ukubwa gani. Akasema lilikuwa kama ngumi, sasa limebaki kama limau, kwa sababu sare ni nyingi na kitambaa kinalila.

Nilimtazama Théophile aliyekuwa ameweka sikio karibu na simu. Kichewa chake ni cha kununulia misumari tu, lakini neno limau alilielewa. Nilimsihi Mayi asichore tena. Nikamuuliza kama angempa dereva atuletee. Akasema kile kitu hakisafiri bila yeye, ila mume wangu akitaka kukiona, mlango uko wazi. Angekiweka mahali salama.

Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini tuliipata baada ya siku nne. Siku hizo nne Théophile hakulala mkekani jioni hata mara moja. Aliipiga pasi suruali yake mwenyewe. Alilifunga daftari kwa kitambaa, akalishika mapajani ndani ya minibasi kuanzia Dzaleka hadi Lilongwe, na alipomwona mtu anakohoa alilifunika kwa mkono. Njiani niliwaza jambo baya, na nitalisema: niliomba lile jiwe liwe jiwe tu. Niliogopa kwamba akishaona atakuwa hana tena pa kushuka, na mimi nitakuwa na mwanamume aliyeamka asiyejua la kufanya.

Barazani Chilinde hapakuwa na umeme. Mayi Kachingwe alitupokea kwa magoti na maneno yote ya heshima, zikomo hapa, zikomo pale, akamweka Théophile kwenye kiti cha marehemu. Chai ikaja. Alitaka kwanza kuzungumza, na ilikuwa haki yake. Alisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akichungulia motoni kupitia kitundu chenye kioo cha bluu. Kila alipomuuliza mle ndani kuna nini, alimjibu maneno mawili tu: makala akuvina, makaa yanacheza ngoma. Alidhani anamtania. Alikufa bila kueleza zaidi, na yeye akabaki na maneno hayo mawili.

Mimi mikono yangu haijui kukaa. Palikuwa na kola zimelowekwa wanga zinangoja, na pasi ya makaa iko mezani. Nilifanya nilivyofanya kila siku kwa miaka pale: bila kutazama nikashusha mkono wa kushoto kwenye kopo lililo chini ya meza, nikatoa makaa, nikajaza pasi juu ya kaa la moto la jikoni, nikafunga, nikapepea kwa kifuniko cha sufuria. Nikapiga kola ya kwanza, ya pili, ya tano. Huku ninawatafsiria, huku ninapiga pasi, nikijisifu moyoni kwamba mwanamke kama mimi hapatikani.

Mayi akainuka, akasema sasa akalete jiwe. Akainama chini ya meza. Akapapasa ndani ya kopo. Alikuwa ameliweka humo, katikati ya makaa wenzake, kwa sababu hakuna mwizi anayeiba makaa matano.

Nilielewa kabla hajaniangalia. Théophile naye aliniona uso.

“Iko wapi, Anto?”

Jina langu ni Antoinette, na Anto ananiita siku za msiba. “Iko mu pasi,” nikasema.

Nikaifungua. Makaa ya mti yalikuwa yamekwisha, majivu meupe matupu, na katikati ya majivu lilikaa lile moja, zima, kona zake zote zipo, limepata wekundu kidogo tu kwenye ukingo. Angalia ujinga wa hofu: kitu kilikuwa kimesalimika, na mimi nikakimbilia kukiokoa. Nikalibana kwa koleo, nikalitumbukiza kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo. Likalia mara moja, sauti kavu. Nilipolitoa yalikuwa mawili.

Mayi Kachingwe alikaa chini sakafuni, miguu kainyoosha, akafunika mdomo kwa mkono. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba radhi kwa Kichewa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yangu ambayo hata Théophile haijui vizuri. Nilijiona mtu anayeharibu kila kinachopendwa na wengine. Kwanza ukurasa, sasa hili.

Théophile hakulichukua. Aliomba ruhusa kwanza, kwa mikono miwili iliyokunjuliwa, na Mayi akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo akainua nusu moja, akatoka nayo hadi kwenye jua ukingoni mwa baraza, akaileta karibu na miwani. Alikaa hivyo muda mrefu. Baiskeli ya kabaza ikapita na abiria, kuku akapita, yeye yuko palepale. Nilisogea nikaona alichokuwa anaona. Ukingo wa nje ulikuwa ganda jembamba, la kijivu la kung'aa, limetafunwa na kulegea, lenye kuacha unga kidoleni. Baada ya ganda hilo, ndani kote, palikuwa peusi pa kufifia, kuta za matundu nene, ngumu, zimeshikana. Aliminya kwa ukucha. Ukucha haukuingia.

“Nilikosea,” akasema. “Myaka yote njo naandika eti inaoza kuanzia ndani. Angalia, Anto. Moto ilikula inje. Ndani bado iko mzima.”

Alikuwa analia, na alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona mtu aliyekosea akafurahi vile. Mimi nililia tu, kwa sababu kwa miaka mingi nilimwangalia mwanamume huyu juu ya debe lake nikasema moyoni kwamba ganda limebaki, ndani kulishaoza. Niliolewa naye, nikazaa naye, na sikuwahi kuona.

Kisha akafanya jambo ambalo, hata ningemsahau yeye kama mume, hilo nisingelisahau. Alirudi akaketi sakafuni karibu na Mayi Kachingwe, akamwekea nusu zote mbili mapajani, akaniambia nitafsiri bila kuruka neno. Akamweleza kwamba marehemu hakumtania. Mbele ya kila mdomo wa upepo ndani ya tanuru hufunguka pango dogo, na humo upepo una moto na nguvu kiasi kwamba vipande vya koki vinarushwa, vinazunguka, vinagongana, vinarudi. Mtu akichungulia kwa kioo cha bluu anaona vinacheza. Vinacheza mpaka viishe, na vingine vinashuka kuchukua nafasi. Hiki kimoja kilikuwa kimefika hapohapo, kimekaribia kuingia ngomani, moto ukazimwa, mumewe akakiokota. Ndiyo maana pasi haikukiweza. Kilikuwa kimeshaona joto la digrii elfu mbili.

Mayi alisikiliza akivigeuzageuza. Akarudia polepole, makala akuvina, na safari hii hakuwa anauliza. Halafu akamnyooshea Théophile nusu moja.

Théophile akakataa. Alisema kisafiri pamoja na mwenyewe. Alichoomba ni kuandika nacho mara moja. Akafungua kitambaa, akafungua daftari, akatafuta ule ukurasa wenye wino mwekundu, na chini ya swali la profesa, kwa ukingo wa koki, akaandika kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la kwanza: NIMEONA. Herufi zilitoka za kijivu, pana, zenye mapengo madogo madogo. Kisha akairudisha koki, na Mayi Kachingwe akazifunga nusu zote mbili kwenye pindo la chitenje chake. Alituahidi kwamba chaki atanunua Jumatatu.

Katika minibasi ya kurudi alikaa dirishani na furushi langu la sare magotini, kwa kuwa kazi bado ilikuwepo. Baada ya Lumbadzi akafumba macho. Nikangoja, kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

“Umefika wapi?”

“Chini,” akasema. “Hapa iko mwangaza mingi.” Akanishika mkono na hakufumbua macho mpaka tulipoteremka.

Sura ya mwisho ameiandika kwa wiki tatu, kila jioni, kwa kalamu ya kawaida. Imechukua kurasa kumi na moja zote na maneno ya mwisho yamebanana pembeni, kwa sababu ukurasa mmoja ulipungua, na sote wawili tunajua kwa nini. Hakuna profesa wa kuipeleka. Amenisomea mimi, nami nimeuliza maswali matatu, mawili ameweza kuyajibu.

Lakini lile neno aliloandika kwa koki linatoka kwa kidole. Ukiligusa tu, herufi inahamia kwako. Basi nimechukua kipande cha kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare, nikalishonea juu yake kwa mkono, ukingo mmoja tu, ili mtu anayetaka kusoma aweze kukifunua. Nilishona mishono midogo sana, niliyokuwa nawafanyia maharusi zamani Bukavu, na sikutoboa herufi hata moja.